Mguu Juu ya Meza ya Maabara

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki nikaanza kuchunga ng'ombe wa watu. Tangu nijitegemee sijakubali dharau.

Juzi kikohozi kilikataa kupona, daktari akanituma maabara nikapimwe fangasi. Fangasi naijua: ni ya vidole vya miguu, ya wasiooga! Nikavua kiatu kwa hasira, nikapandisha mguu kwenye meza ya binti mpimaji mbele ya foleni nzima.

"Binti, nikivua soksi hii utaona kidole kisafi kuliko meza yako!"

"Shikamoo, babu. Fangasi tunayotafuta ni ya mapafuni, inapimwa kwa damu. Naomba mkono."

Mama mmoja kwenye foleni akadakia, "Na soksi usivue, mzee. Kidole tumeshakiona."

Nina nyumba Miyuji, mashine ya kusaga, na ng'ombe wangu mwenyewe kule Bahi. Soksi nzima sina.