Stika ya Njano kwa Bi Komeo

Watoto walimwita Bi Komeo, kwa sababu akisema huingii, huingii. Kwa miaka kumi na mmoja alikalia kigoda mlangoni pa jumba la sinema, akichana tiketi na kupima watu kwa macho. Kusoma hakujua, baba yake aliona kumsomesha binti ni kumwaga maji mchangani. Alijua rangi. Bango likiwa na stika ya kijani, waingie hata wanaonyonya. Ya njano, kuanzia miaka kumi na mitatu. Nyekundu ni ya watu wazima.

"Shikamoo, Bi Komeo. Nimeshatimiza kumi na nane," kijana angesema, akiikaza sauti.

"Marahaba. Hiyo sauti umeiazima, karudishe."

Jumamosi moja, saa nane mchana, stika ilikuwa ya njano. Wakaingia watoto wa shule kundi zima, na kati yao binti yake, kitinda mimba wa miaka kumi na minne. Bi Komeo akawachania tiketi bila wasiwasi.

Nusu saa baadaye akasikia kimya. Kelele za watoto alizijua: ngumi zikirushwa hushangilia, gari likilipuka hupiga miluzi. Kimya hakukizoea. Akachukua tochi, akaingia. Kwenye skrini walikuwa mwanamume na mwanamke, na shuka halikuwa na kazi. Watoto walikaa kama waliomwagiwa maji.

"Nje! Wote, nje!"

Meneja akaja mbio. "Mama, umeniponza! Si nimeandika kumi na nane pale, kubwa kama mlango?"

"Umeandika juu ya njano."

"Nyekundu zimekwisha!"

"Miaka yote unajua sisomi. Kila siku unanisifu nina jicho. Leo jicho limekuwa chongo?"

Meneja akaenda kubandua stika yake.

Bi Komeo akamvuta binti hadi chumba cha mafagio. Kofi lilikuwa tayari hewani.

"Mama, si wewe uliyenichania tiketi?"

Kofi likakosa pa kutua.

"Nikikuuliza mambo haya unasema nikikua," binti akaendelea, macho kwenye ndoo. "Rafiki yangu anasema ukirukaruka baadaye, mimba haishiki. Kweli?"

Bi Komeo akashika ukuta. Maneno yaleyale! Yeye aliambiwa na fundi cherehani, alipotumwa kuchukua gauni la mama yake, akiwa na miaka kumi na mitano. Nyumbani alikuwa amefundishwa kwamba watoto hununuliwa hospitali. Basi akaruka mpaka akachoka. Tumbo lilipotokeza, mama huyohuyo alimwuliza mbele ya majirani, "Uchafu huu umejifunzia wapi?" kisha akamtupia nguo zake nje. Fundi akaendelea kushona. Hata gauni la harusi ya dada yake Bi Komeo alilishona fundi huyo, na watu wakamsifu mkono wake. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waliomnyima funzo ndio waliomcheka kwanza. Hakuwasamehe, wala hakuwa na mpango huo. Lakini na yeye, mdomo wake nyumbani ulikuwa umetiwa komeo gani?

"Uongo," akasema. "Hata uruke mpaka dari. Na rafiki yako mwambie leo hii."

"Wewe nani alikuambia?"

"Tumbo."

Binti hakucheka. Bi Komeo akapindua ndoo, akaketi, akamsukumia binti ndoo ya pili. Akaanza na damu ya mwezi, maana hiyo ilikuwa rahisi. Kisha akaja kwa mwanamume, na kila kitu akakitaja kwa jina lake, masikio yakiwaka moto. Binti akauliza, akajibiwa. Akauliza tena.

Meneja akagonga. "Bi Komeo! Watu wa saa kumi wamejaa mlangoni!"

"Wasubiri," akajibu. "Humu bado hatujafika kwenye mimba."