Bega la Shangazi

Shangazi yangu, mkali kama pilipili, hupima misuli hospitalini. Humbandika mgonjwa vipande vyenye waya juu ya ngozi, na umeme wa msuli huchora mstari kwenye skrini: msuli ukikazwa mstari huruka, ukilegezwa hutulia. Miaka ishirini sasa anafoka: "Legeza mkono!" Mgonjwa akiapa kwamba amelegeza, humgeuzia skrini bila neno.

Jana fundi alirudisha mashine aliyoitengeneza, wakaijaribu kwenye bega la shangazi. Mstari ukarukaruka kama bisi kwenye sufuria.

"Umeirudisha mbovu vilevile!" shangazi akamjia juu.

Fundi akajibandika mwenyewe begani. Mstari ukatulia tuli. Akambandika shangazi tena, ukaruka.

"Legeza bega, mama."

"Nimelegeza!"

Fundi akamgeuzia skrini bila neno.