Mikebe Mingapi kwa Siku Moja

"Ule mwanamuke wa camp anapelelezaka miji," Mama Tamar, jirani yangu, aliniambia juu ya ukuta, mikono ikiwa na povu la sabuni. "Treni ikifika, iko pale gare na mukebe wake, anauliza bantu habari ya kwabo. Muntu muzuri anauliza vile saa ya vita?"

"Anaulizaka nini?"

"Bei ya bunga."

"Sasa waasi batafanya nini na bei ya bunga?"

"Cheka tu, Mama Jephté. Siku basoda batamukamata, batauliza nani alikuwa anaikala naye."

Aliyekaa naye ni mimi. Niliuza mikate ya kukaanga pale gare ya Kamina, Jephté mgongoni, na kila treni Mputu, yule mwanamke wa mukebe, alikuja kusimama kando ya sufuria yangu. Alifua nguo za wakubwa wa camp ya jeshi. Mume wake, askari, alipelekwa vitani mwanzo wa mwaka ule wa 1999, na tangu hapo hakukuwa barua wala mshahara. Sasa walimwambia aache nyumba ya camp kabla ya mwisho wa mwezi, familia nyingine inakuja. Kwa wazazi wake, upande wa Manono, vita ilikuwa imefunga njia. Alikuwa na watoto wawili, Shekina wa miaka mitano na Naomie wa kunyonya, na ndani ya pindo la kitenge pesa ya treni, ya kwenda tu. Akikosea mji, hakuna kurudi.

Bei za pesa zilimchanganya. Watu wa Kasaï walihesabu kwa noti walizozizoea wao, na bakuli ya kupimia unga kule Lubumbashi si ile ya kwetu. Ndiyo maana alibeba mukebe wa maziwa, uleule mmoja kwa wote.

"Papa, kule kwenu, muntu akifua nguo tangu asubuhi mpaka jioni, anarudia na mikebe ngapi ya bunga?"

Wengine walimcheka. Askari mmoja alimwita kweli, akaugeuza mukebe, akaunusa. Alipoelewa, aliuliza polepole, "Na Kananga, balikuambia ngapi?" Mke wake alikuwa huko.

Kwetu Kamina ni miwili, siku nyingine hakuna. Likasi walimwambia minne, Lubumbashi mitano. Jumatatu alikuwa mtu wa Likasi, Alhamisi wa Lubumbashi. Nilimpa kibao akalie, akakaa kidogo, akasimama. Siku aliposikia mikebe sita ya Mbuji-Mayi, alianza kumwambia Shekina watakula bukari, ndiyo ugali, mara mbili kwa siku.

Mimi nilikuwa namwangalia yule mama mchuuzi aliyesema sita. Aliniomba maji. Alikunywa bila kuacha tone, kisha akapitisha kidole ndani ya kikombe, akakilamba. Sisi maji yanayobaki tunamwaga chini. Nikamuuliza, "Mama, kwenu maji munaendaka kuchota wapi?"

"Kuchota?" Alicheka. "Mwanangu, kule maji ni ya kununua."

Tangu siku ile Mputu aliuliza bei ya maji, makala ya kupikia, nyumba, hata majani ya mihogo. Hapa sombe tunachuma nyuma ya jiko. Lubumbashi, fungu lina bei yake. Kila treni ikamwondolea mukebe mmoja. Nilijuta kufungua kinywa.

Walisema treni ya Lubumbashi itapita Jumamosi. Ijumaa asubuhi Mputu aliingia kwetu, Naomie mgongoni, Shekina akimshika kitenge. Nywele za Shekina zilisukwa upya. Mkononi Mputu alikuwa na kifurushi kidogo, nguo za mtoto mmoja.

"Ikala, dada," nilimwambia.

Hakukaa.

"Mama Jephté, nimetosha bei ya yote kwa ile mikebe tano, ya makala, ya nyumba. Lubumbashi inabakia mukebe moja. Mimi na huyu wa mugongo, tutaweza."

Alinitia mukebe mkononi, akaweka kidole katikati yake.

"Shekina anakulaka mpaka hapa kwa siku, hapana zaidi. Sombe anajua kuchuma. Unibakishie ye hapa kwako, mpaka nitakuja kumubeba."