Chura wa Kitambaa wa Edisa

Kwa miaka kumi na mmoja Edisa Kabugho, mtunza maabara wa sekondari moja ya Bwera, ndiye aliyewatafutia wanafunzi vyura wa kupasua. Alikwenda mpaka mashamba ya mpunga ya Mubuku na ndoo yenye kifuniko, akarudi kwa bodaboda ndoo ikimdundadunda mapajani. Hakuwahi kuifikiria sana kazi hiyo.

Siku moja mwaka 2014, Phionah, binti wa askari aliyehamishiwa huko, aliweka wembe mezani akatoka darasani. Edisa akamfuata. Msichana alikulia kambini, Lhukonzo, lugha ya wenyeji, haijui, wakaongea Kiswahili.

"Unaogopa damu?"

"Hapana, mama. Mimi nataka udaktari. Lakini tuko thelathini, na chura iko thelathini. Zote zinakufa kwa somo moja?"

Edisa alirudi maabara. Alichukua chura mmoja aliyekwisha kupasuliwa, akapima kila kiungo kwa rula, akaandika.

Jumapili mbili cherehani yake nyumbani haikupumzika, akishona chura wa kitambaa. Ini lilitoka kwenye kitenge cha kahawia, moyo kwenye sponji nyekundu, utumbo kwenye mpira wa baiskeli uliokatwa mwembamba. Tumbo lilifungwa kwa vifungo, na mumewe Kezironi alipokuta suruali yake ya kanisani haina hata kimoja, alinuna mpaka jioni.

Nasani, mwalimu wa biolojia, alimgeuzageuza chura yule mbele ya darasa, akacheka. Kisha akamwaga viungo vyote mezani.

"Haya, nani atavirudisha mahali pake?"

Wanafunzi waliokuwa mafundi wa wembe walijaribu, wakachanganya figo na mapafu. Phionah alivipanga kimoja kimoja, akasita.

"Mama Edisa, nyongo iko wapi?"

Edisa alichungulia. Kweli, haikuwepo. Aliona haya, halafu kicheko kikamshinda. "Nilisahau, mwanangu. Kesho nitaleta shanga ya kijani."

Tangu muhula ule Nasani alimwachia kila mwanafunzi achague: wembe au kitambaa. Kumi na tisa walichagua kitambaa, na safari za Mubuku zikapungua. Mwalimu mmoja wa Karusandara aliposikia, aliomba kuja kujifunza ushonaji huo. Edisa alimwambia aje na vifungo vyake mwenyewe.

Mwaka uliofuata alianza kushona panya. Mkia peke yake ulimchukua wiki nzima.