Cheti cha Miezi Sita, Weusi wa Mwaka Mzima

Saa moja na nusu asubuhi, Nosiphiwo Ngxabani anafuta ubao wa darasa la tano katika shule moja ya msingi nje ya mji wa Cofimvaba, Afrika Kusini. Amevaa nyeusi tangu kilemba hadi viatu. Watoto wanamsalimu kwa Kiingereza, naye anawaitikia polepole mpaka na yule wa nyuma kabisa afungue kinywa.

Hapa ni mwalimu wa muda, randi elfu nne kwa mwezi. Mwaka jana alikuwa aende Korea Kusini kufundisha Kiingereza, kwa mshahara unaozidi huo mara saba.

Wala hakukosa sifa. Shahada anayo, imegongwa mhuri wa serikali huko Pretoria. Cheti cha kufundisha Kiingereza, cha saa mia moja na ishirini, anacho. Barua ya kuthibitisha kwamba tangu darasa la saba alisoma kwa Kiingereza aliifuata shuleni kwake mara tatu. Cheti cha polisi, cha kuonyesha hana kosa, nacho kilitoka. Hicho ndicho kilichomponza, maana kikipita miezi sita hakipokelewi.

Wiki tatu kabla ya safari, mumewe Lwandile alianguka kazini kwa presha. Hakuamka.

Kwao mjane huvaa weusi mwaka mzima, na hasafiri. Shuleni tu ndiko alikoruhusiwa kwenda. Mwalimu mwenzake, Thandokazi, alimshauri: "Dada, vua hizo nguo upande ndege. Huko nani anakujua?"

"Nikamwambia, najijua mwenyewe," anasema Nosiphiwo.

Mama mkwe hakumzuia. "Alisema, 'Mwanangu, ukienda sitakulaani. Ila nitabaki namlilia peke yangu.' Sasa hapo ungeondokaje?"

Hakuondoka. Cheti kikaisha muda wake kabatini, na nafasi akapewa mwingine. Inauma, jamani, kwa sababu hakuna aliyemkosea.

Jumamosi hii mwaka unatimia, na nguo zitavuliwa na kuchomwa. Jumatatu ataenda polisi kuchukuliwa alama za vidole upya, kwani maombi ya kazi ya Korea yamefunguliwa tena. Fomu ameijaza yote, isipokuwa sehemu moja: hali ya ndoa.

"Ile ya kwanza mimi na Lwandile tuliijaza pamoja mezani, tunacheka," anasema jioni nyumbani kwa mama mkwe, akikunja karatasi. "Hiyo sehemu nitaijaza kulekule kituoni. Nikiandika 'mjane' hapa nyumbani, mama ataniona."