Sababu za Kiume za Kuacha Kazi

Kaka yangu ndiye aliyenitafutia kazi ya uyaya Lavington, kwenye nyumba ya Wazungu alikokuwa mpishi. Tulikuwa vijana, hatujamaliza mwaka tangu tutoke Nyanza Kaskazini, na yeye alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: kipaji cha kuacha kazi.

Jioni moja memsahibu alimwambia mbele ya wageni, "Wewe natia chumvi mingi." Kaka akavua aproni, akaitundika mlangoni, akaondoka, nyama ikiungua jikoni. Jumapili, baada ya ibada, wanaume wa kwetu walioishi Kangemi walimpokea kama mtu aliyerudi vitani. "Mwanamume haambiwi hivyo," walisema, wakamnunulia chai. Kazi iliyofuata, kule Kitisuru, aliiacha kwa sababu mbwa aliitwa kwa jina lake na yeye akaitwa boi. Mjini, kwenye duka la vitambaa, aliacha kwa sababu tajiri alimkoholea usoni. Kila mara alisifiwa kwa heshima yake, na kila mara heshima hiyo ilikuja kula kwangu.

Mimi nilibaki. Niliitwa mjinga asubuhi na jioni, lakini kwa mwanamke nadhani hilo halikuhesabika.

Kisha nikaolewa, nikazaa. Nikamwomba memsahibu nikae na mwanangu kwenye chumba cha watumishi.

"Hapana," alisema. "Toto yako nalia, toto yangu naamka."

Basi wake nikambeba mgongoni kutwa, wangu nikamwacha Kangemi kwa jirani. Alipougua kifua, niliomba ruhusa. Memsahibu akasema ana wageni wa chai. Nikamlaza mtoto wake, nikamfunika vizuri, nikaenda zangu.

Kaka alinikuta nikimkanda mwanangu. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi wakati huo, ila kwa sababu kubwa.

"Ndiyo maana watu hawataki kuajiri wanawake," alisema kwa huzuni. "Mtoto kakohoa kidogo, mtu anatupa kazi."

"Na wewe uliyekoholewa?"

"Hilo ni jambo la heshima, dada. Huwezi kulielewa."

Nikampakulia ugali wake.

Mtoto alipona. Baadaye nilipata kazi ya kufua nguo Parklands kwa mama mmoja wa Kihindi, ambaye hakujali nikija na mtoto, mradi asiingie chumba cha sala. Nilidumu pale miaka mingi. Kaka aliwaeleza watu kanisani kwamba ni yeye aliyenifundisha uvumilivu.