Mama Mlezi Alipobaki Bariadi

Wamelivunja lile banda la kupikia la hospitali, rafiki yangu. Juzi nilimpelekea shemeji yangu uji pale hospitalini Bariadi, nikazunguka nyuma ya wodi kwa mazoea, nikakuta pamesakafiwa na pikipiki zimepangwa. Nikabaki nimesimama na chupa yangu ya uji. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Niliyekuwa namtafuta ni mama mlezi wetu, na yeye tulishamzika zamani.

Enzi hizo nilikuwa msichana wa Nkololo, mmoja wa vijana wa kanisa, tukaamua kwenda mjini kutoa huduma. Usicheke! Kawaida watu wa mjini ndio huja kijijini kutuhubiria, wanatugawia sabuni, wanaondoka kabla jua halijazama. Sisi tukageuza. Mama mlezi, aliyetulea vijana wote wa usharika kana kwamba ametuzaa, alisema hata mjini kuna wagonjwa, kuna uchafu, na wenye dhambi ndio usiseme. Tukachangishana unga, dagaa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Tukapanda lori la pamba, juu kabisa ya magunia. Tuliimba njia nzima huku tunameza vumbi, na magunia yale yalikuwa laini kuliko kitanda chochote nilichowahi kulalia.

Tulichoogopa ni kuonekana washamba. Tuliagizana humo humo kwenye lori kwamba mjini ni Kiswahili tu, Kisukuma marufuku, na ile michembe tukaificha chini ya mikeka kwenye ukumbi wa kanisa tulikofikia.

Jumamosi asubuhi tulifagia soko, kisha tukaenda hospitalini, wodi ya watoto. Tukasimama mlangoni na sare zetu za kwaya, tukasalimia kwa sauti moja, "Bwana Yesu asifiwe!" Akina mama wakaitikia, isipokuwa mmoja wa kitanda cha kona, ambaye alikuwa anafungasha vitu vyake kwenye kanga. Mwinjilisti tuliyekwenda naye akanong'ona kwamba huyo moyo wake ni mgumu, tumwombee. Mama mlezi hakuomba. Alikwenda mpaka pale, akapiga magoti sakafuni, akasema taratibu, "Mwangaluka, mayu." Ndivyo tunavyomwamkia mama kwetu asubuhi. Yule mama akaacha kufungasha, akaitikia, machozi yakamtoka hapo hapo. Kumbe Kiswahili alikuwa hakijui.

Salamu za Kisukuma ni ndefu, unazijua. Utaulizwa ukoo, utaulizwa ng'ombe, mvua, na waliobaki nyumbani. Salamu ilipokwisha tulikuwa tumejua yote. Alitoka ndani kabisa huko Meatu na binti yake mdogo mwenye homa ya mapafu. Mume yuko machungani mbali, na hakuna ndugu aliyemfuata. Siku hizo mgonjwa alipikiwa na ndugu zake, kwenye lile banda la nyuma. Yeye hakuwa na mpishi wala kuni, alikuwa anakunywa maji na kulala. Daktari amekataza mtoto asitolewe kabla ya kumaliza sindano, naye amechoka na njaa, ameshaamua kuondoka. Muuguzi akatuambia waziwazi kwamba akimtoa leo, mtoto hafiki Meatu.

"Huondoki," mama mlezi akamwambia kwa Kisukuma.

"Nitakaaje hapa bila ndugu?"

"Kwani mimi nani?"

Halafu akatugeukia sisi. "Na nyie mnashangaa nini? Leteni michembe!"

Jamani, michembe! Tuliitoa mafichoni, tukaichemsha kwa karanga zilizotwangwa, mbele ya watu wa mjini, moshi unatuchoma macho na sare zetu zinageuka rangi. Hakuna aliyetucheka, mmoja hata aliomba aonje. Yule mama alikula polepole, halafu kwa haraka, halafu akaifungua kanga yake na kurudisha vitu chini ya kitanda.

Sasa kesho yake tulikuwa tumealikwa kuimba kanisa kubwa la mjini. Tulikuwa tumefanya mazoezi masika yote, na mama mlezi ndiye aliyekuwa anatuanzishia nyimbo. Asubuhi akatuambia twende tu, yeye atamshika mtoto ili mwenzake apate usingizi. Nilikasirika, wacha nikwambie! Tukaenda, tukaanzisha wimbo juu mno, sauti ya kwanza ikakwama, besi wakapotelea walikojua wenyewe. Watoto wa mjini walicheka mpaka wakatolewa nje.

Jumatatu lori likaondoka bila yeye. Na ilikuwa msimu wa kuvuna, pamba yake imepasuka shambani, nyeupe pe, ndiyo tegemeo lake la mwaka mzima. Aliijua hali hiyo na bado akabaki. Basi tulipofika tu Nkololo tukaingia shambani kwake, tukavuna huku tunaimba ule wimbo uliotushinda kanisani, na safari hii ukatoka mzuri ajabu.

Aliporudi alikuwa amekonda, gauni la kwaya limefuliwa mpaka limepauka. Tulimkimbilia kama watoto wadogo. Mwinjilisti alikuwa anasubiri ripoti ya huduma.

"Yule mama ameokoka?"

"Mtoto amepona. Katembea mwenyewe mpaka stendi."

"Nauliza habari za wokovu, mama."

"Na mimi nakujibu."

Sijamwona mtu wa namna ile tena, na nimeona wengi. Wenzangu wa lori lile tumetawanyika, wengine Mwanza, wengine Maswa, mimi hapa Bariadi mjini. Vijana wa sasa huwaona wakija hospitalini, wanaimba vizuri kuliko sisi, Mungu awabariki, na jioni basi lao linawasubiri getini. Mimi nina kadi ya bima na simu imejaa namba za watu. Nikiugua watanipigia, watanitumia hela, watampa bodaboda chakula aniletee, na nitawashukuru kwa moyo wote. Ila najua nitamlilia yule aliyeacha lori liondoke, akabaki.